Desa lako la noti umelisoma mara nne na bado umesahau? Majibu ya maswali yenu

Jamani wanafunzi wa udaktari, naona UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zinakaribia maana meseji zimekuwa nyingi, nimeokota tano, nyingine tutaonana wiki ijayo.

*Dokta, desa la fiziolojia nimelipitia mara nne, nimelihailaiti hadi linang'aa, ila nikilifunga naona giza. Nina shida ya kichwa?* (Mwaka wa 1, Dar)

Huna shida mdogo wangu, hata mimi nilikuwa fundi rangi mzuri tu. Ukirudia kusoma macho yanazoea, unasema aah hii naijua, kumbe unaijua sura kama yule mtu unayepanda naye daladala kila asubuhi na jina hulijui. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke kule Marekani waligawa wanafunzi, wengine wakasoma kifungu vipindi vinne mfululizo, wengine wakasoma kipindi kimoja halafu vitatu wakawa wanaandika wanachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 wasomaji wakaongoza. Baada ya wiki wamebaki na asilimia 40 hivi, wenzao 61! Kwa hiyo soma kurasa mbili, funga, chukua karatasi tupu, mwaga ulichonacho, ndo ufungue ujisahihishe kwa peni nyekundu. Itauma, karatasi itabaki nyeupe mwanzoni, usikimbie.

*Nina Anki kwenye simu, ile app ya kadi za maswali, kadi 900 zinanidai nizirudie. Nikiifungua naifunga.* (Mwaka wa 2, Mwanza)

Hilo deni ni kama la mkopo wa kwenye simu, usiongeze lingine. Simamisha kadi mpya, piga 100 kwa siku hadi liishe. Halafu angalia kadi zenyewe, najua umekopi paragrafu nzima ukabandika. Kadi moja swali moja basi. Chukua dawa za TB: usiandike "elezea RHZE" (herufi za hizo dawa nne), andika mgonjwa kaanza dawa, mkojo umekuwa rangi ya chungwa, ipi hiyo? Rifampisini. Miguu inachoma na ganzi? Isoniazidi, mpe vitamini B6. Nyekundu na kijani anazichanganya? Ethambutoli. Viungo vinamuuma? Pirazinamidi. Hizo kadi nne na kila moja ina mtu ndani yake. Simu ikigoma, Leitner wa Ujerumani alifanya hivi hivi kwa kadi za karatasi na maboksi miaka ya 1970, ukipatia kadi inahamia boksi linalofunguliwa mara chache zaidi, ukikosea inarudi la kwanza. Boksi la viatu likatwe vyumba, umemaliza.

*Kukesha na kahawa usiku wa kuamkia pepa?*

Pepa la kesho labda utatoboa. Wodini mwakani utakuta hamna kitu. Lala.

*Brakio pleksasi, ule mtandao wa neva za mkono, imenishinda, naona waya za TANESCO tu.* (Mwaka wa 1, Moshi)

Haha. Usiisome, ichore. Kila asubuhi kabla ya chai, kipande chochote cha karatasi, mimi nilishachora hadi kwenye karatasi ya chapati yenye mafuta: neva za uti wa mgongo C5 hadi T1, mizizi 5, mashina 3, migawanyo 6, kamba 3, matawi 5. Ukikwama acha nafasi, angalia kitabu, kesho anza upya toka mwanzo. Ikishakaa jiulize, mtu kavunjika mfupa wa mkono wa juu katikati, kiganja kinaning'inia, neva gani? Neva ya radio (radial), na fuata kwa kidole hadi kamba ya nyuma.

*Kwenye diskasheni nafunguka kwa Kiingereza, mgonjwa akiuliza kwa Kiswahili nababaika.* (Mwaka wa 3)

Basi hapo hujaelewa, umekariri, na usikasirike maana yamenikuta. Mama mmoja aliniuliza presha yake na dawa ya kukojoa vinahusiana nini, na mimi ile mekanizimu naimba yote, lakini mdomoni ikatoka eeh... chumvi... maji... Jioni nikarudi kusoma, nikamweleza rumeti kwanza mpaka akaelewa, naye anasoma uhasibu. Kesho yake nikamwambia mama figo zinatoa chumvi, chumvi inatoka na maji, mishipa inapungua kujaa na baadaye inalegea. Akanisikiliza, akasema, "Sasa mwanangu, si niwe nainywa asubuhi nisikeshe chooni?"

Eeh mama, asubuhi. Hiyo hata sikuwa nimeifikia kwenye desa.