Maswali ya Wasomaji: Bando la GB au Kifurushi cha Bila Kikomo?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Dodoma. Ninaendesha duka la stesheneri Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na nyumbani Nkuhungu ninaishi na watoto wawili wanaosoma sekondari. Dukani ninaunganisha kompyuta kwa hotspoti ya simu yangu, na jioni watoto huichukua simu hiyohiyo kutazama masomo ya video. Kila wiki ninanunua bando la GB 7 kwa Sh10,000, nalo hukata siku ya nne, ndipo ninapoongeza bando la kutwa la GB 1 kwa Sh2,000, mara tatu mpaka wiki iishe. Wakala amenishauri nichukue ruta yenye kifurushi cha mwezi kisicho na kikomo, spidi ya Mbps 10, kwa Sh70,000. Mdogo wangu anasema huo ni mtego, kwamba ikifika katikati ya mwezi intaneti itaanza kujikokota. Nimsikilize nani?
Mama wa Stesheneri, Dodoma

JIBU: Mama, tuanze na daftari la hesabu kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao. Kwa maelezo yako unatumia Sh16,000 kwa wiki, yaani Sh64,000 kwa wiki nne, na unapata GB 40, kwa hiyo kila GB inakugharimu Sh1,600. Ukigawa zile Sh70,000 za wakala kwa bei hiyo utapata karibu GB 44. Kwenye karatasi, basi, tofauti ni ndogo sana, na mtu yeyote angeshawishika kuchukua ruta.

Lakini hizo GB 40 hazitumiki mahali pamoja. Sehemu inatumika dukani na sehemu inatumika Nkuhungu, wakati ruta itakaa upande mmoja tu. Ukiiweka dukani, watoto watahitaji bando lao, na simu yako ukiwa kwenye daladala itahitaji lake, jambo ambalo wakala hakulitaja kwa sababu yeye anauza ruta. Kwa hiyo swali lako halisi ni kama duka peke yake linaweza kumaliza GB 44 kwa mwezi. Kama linatumia GB 20 au 25, kifurushi hicho kitakuongezea gharama badala ya kukupunguzia.

Sasa nije kwa mdogo wako. Neno "bila kikomo" lina ukweli wake, ila kikomo hakikuondolewa. Kimehamishwa kutoka kwenye wingi wa data kwenda kwenye kasi. Vifurushi vingi vya aina hii vina kiwango ambacho ukikivuka, kampuni haikukatii huduma bali inakupunguzia spidi mpaka mwezi uishe. Muulize wakala mambo mawili, na ujibiwe kwa tarakimu: spidi hupungua baada ya GB ngapi, na hupungua hadi kiasi gani. Akikujibu "wala hutaona tofauti", usilipe siku hiyo.

Tarakimu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito kwa biashara yako. Spidi hutajwa kwa biti (Mbps ni megabiti, yaani biti milioni moja, kwa sekunde), na biti 8 ndizo zinazofanya baiti 1, kwa hiyo Mbps 10 ni sawa na MB 1.25 kwa sekunde mtandao ukiwa katika hali yake bora. Mwanafunzi akija na ripoti ya utafiti ya MB 20 kwenye barua pepe yake, utaipakua kwa sekunde 16. Spidi ikishushwa hadi kbps 512, yaani karibu nusu ya Mbps 1, ripoti hiyohiyo itachukua zaidi ya dakika tano, na wanafunzi wengine wamesimama mlangoni na flashi zao mkononi. Kwa ujumbe wa WhatsApp spidi hiyo inatosha kabisa. Kwa stesheneri ya chuoni haitoshi.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, linakula fedha yako kuliko aina ya kifurushi. Kompyuta ya Windows iliyounganishwa kwa hotspoti huweza kuichukulia simu yako kama intaneti ya kawaida isiyopimwa kwa GB, ikapakua masasisho yake kimyakimya, na sasisho moja kubwa linaweza kuwa la GB kadhaa. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa kompyuta na uiambie kwamba muunganisho huo unapimwa. Kwenye simu, zuia WhatsApp kupakua video zenyewe (makundi ya harusi na misiba yana video nyingi kuliko tunavyodhani) na uzuie picha zako kuhifadhiwa mtandaoni hadi uwe kwenye Wi-Fi. Kwa watoto, wapunguzie ubora wa picha: video inayopita kwa Mbps 5 hula GB 2.25 kwa saa, wakati ile ya Mbps 1 hula MB 450 tu, na ubao wa hesabu husomeka vizuri kwenye kioo cha simu kwa ubora huo mdogo.

Ningekuwa mimi, nisingechukua ruta mwezi huu. Ningeziba kwanza mianya hiyo, kisha ningenunua laini ya pili kwa ajili ya duka tu, ili mwisho wa mwezi simu inionyeshe duka limetumia GB ngapi pasipo kuchanganywa na za watoto. Zikizidi 44, chukua ruta bila kusita, mradi kiwango cha kupunguziwa spidi kiwe juu ya matumizi yako. Hata hivyo, usisaini mkataba wa mwaka mzima. Wewe unajua kuliko mimi Ng'ong'ona inavyokuwa chuo kikifungwa, na kulipa Sh70,000 kwa duka lisilo na wateja ni hasara ambayo bando la GB lisingekuletea.

SWALI: Mimi ni mkulima wa Kongwa. Ninanunua bando la mwezi, lakini muda huisha GB zikiwa zimebaki. Je, zinapotea bure?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Si lazima zipotee. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizielekeza kampuni za simu zimruhusu mteja kuendelea na kiasi kilichobaki iwapo atanunua tena kifurushi hichohicho kabla muda haujaisha, na pia kumhamishia mtu mwingine wa mtandao huohuo sehemu ya kifurushi chake. Huduma hizo utazitafuta kwenye menyu ya laini yako. Zaidi ya hayo, kama GB zinabaki kila mwezi, shuka kwenye bando dogo zaidi. Ujumbe wa uthibitisho unaoupata baada ya kununua ndio wa kuutunza, maana huonyesha mwisho wa bando, na ukichelewa kununua jingine hata kwa dakika chache, salio la zamani huwa limekwisha kufutwa.