Mwaka wa Kwanza Ankara: Kwa Mdogo Wangu Anayejiandaa Kuondoka Pemba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete aliniandikia kwamba amepata ufadhili wa Türkiye Bursları, yaani wa serikali ya Uturuki, kwamba atasomea Ankara, na akaniuliza anunue koti la aina gani kabla ya kuondoka. Nilifurahi mno, kwa sababu mimi pia nilitoka Pemba kwa ufadhili huo huo, na mwaka huu nimekabidhiwa shahada yangu ya uhandisi wa ujenzi. Koti, mdogo wangu, utalinunua huko huko. Makoti ya soko la Darajani, Unguja, hayakushonwa kwa ajili ya mji ulio karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako theluji huanguka. Fedha hiyo iweke, kisha unisikilize kwa yale ambayo mimi sikupata wa kuniambia.

Kilichonishangaza kabla ya baridi ni saa. Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi tena saa zake kwa majira, kwa hiyo saa ya Ankara na ya Chake Chake ni moja mwaka mzima. Lakini jua halifuati mkataba huo. Mwishoni mwa Disemba hapo Ankara huchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Nilikuwa nikimpigia mama simu saa moja na nusu, yeye keshatandaza karafuu juani, na mimi naelekea kituo cha basi gizani. Ifikapo Juni mambo hugeuka: Magharibi huingia baada ya saa mbili usiku, na Isha huwa saa nne imeshapita. Ifuate ratiba ya sala inayotolewa na Diyanet, idara ya mambo ya dini ya Uturuki, tangu siku unayofika, na usingizi wako uupange kwa ratiba hiyo.

Ankara haina bahari. Sisi tuliokulia kisiwani hujielekeza kwa bahari bila ya kujua, pwani iko huku na mashamba yako kule, na mtu akiondolewa alama hiyo huhisi amepotea hata akiwa mlangoni kwake. Mimi niliifanya minara minne ya Msikiti wa Kocatepe kuwa pwani yangu, maana msikiti wenyewe upo juu ya kilima na huonekana kwa mbali. Tafuta alama yako mapema.

Ninalotaka ulishike zaidi ya yote ni lugha. Mfadhiliwa hupewa mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki kabla ya kuanza shahada, na hutakiwa kufikia daraja la C1 (madaraja ya lugha huanzia A1, yakapanda A2, B1, B2, C1 hadi C2). Wengi huuona mwaka huo kama wa kuzoea mji na chakula, wakidhani masomo yenyewe yako mbele. Si hivyo. Utakuja kukaa darasani na vijana waliozaliwa ndani ya lugha hiyo, mwalimu anaandika ubaoni huku anasema, na hakuna atakayekusubiri. Kituruki hubandika viambishi, kimoja baada ya kingine, mwishoni mwa kitenzi, nasi Waswahili tumezoea kitenzi kinachobeba sentensi nzima. Hiyo ni neema tuliyonayo, na kwa kweli niliitumia. Kila jioni nilikwenda Kızılay, katikati ya mji, nikakaa kwenye duka la chai, nikazungumza na wazee, nikasahihishwa na nikarudia. Usijifungie bwenini na Watanzania wenzako ukidhani unapunguza upweke. Upweke upo, nami niliulilia usiku mwingi, lakini haukupungua mpaka nilipoweza kuzungumza na watu wa mji.

Vyeti vyako halisi vya Kidato cha Nne na cha Sita vibebe mkononi, visiingie katika mzigo wa ndege, kwani utavihitaji kwa ajili ya hati ya ulinganifu wa elimu, ambayo wenyewe huiita denklik. Kibali cha ukaazi nacho kishughulikie mara tu unapofika.

Sasa nasema na wazazi na jamaa, kwa sababu jambo hili bado linaniuma. Nilipomaliza mwaka wa lugha na cheti cha C1 mkononi, kulikuwa na watu wa karibu yangu waliosema kwamba mtoto amepelekwa Uturuki kusoma uhandisi naye anasoma kuzungumza, na kwamba wenzake waliobaki Unguja wameshamtangulia mwaka mzima. Maneno hayo yalimfika mama kabla hayajanifika mimi. Shahada ya miaka minne kwa utaratibu huu ni miaka mitano, na haijawa mitano kwa uvivu wa mtu. Basi mtoto wenu akipiga simu katika mwaka huo wa kwanza, msimuulize yuko mwaka wa ngapi. Muulizeni amefika daraja gani la lugha, B1 au B2, na mtakapojibiwa mwambieni mmelifahamu.