Maana ya neno invulnerable

Ndugu yangu, umeuliza kama neno la Kiingereza invulnerable ni sawa na "asiyeshindika", kama mwanao alivyoandika kwenye daftari lake hapo Tabora. Kwa maoni yangu si sawa, ingawa maana hizo ni jirani. Neno hili limetokana na Kilatini, vulnus, yaani jeraha, likatanguliwa na in- ya kukanusha. Kwa hiyo kiini chake ni asiyejeruhika au asiyedhurika. Asiyeshindika ni invincible: huyo anaweza kurudi kutoka vitani ametapakaa damu na bado ushindi ukawa wake.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905 kule kusini, ambapo wapiganaji waliamini kwamba dawa ya mganga Kinjekitile ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Imani ile ndiyo hasa invulnerable, kwa kuwa ilihusu mwili kutopenywa na risasi, na wengi mno walikufa wakiwa wameishikilia.

Kwa ngome, Waingereza hupenda zaidi impregnable, yaani isiyotekeka. Boma la Isike, mtemi (mtawala) wa Wanyamwezi wa Unyanyembe hapo kwenu Tabora, lingeweza kuitwa hivyo hadi Wajerumani walipoliteka Januari 1893.

Katika sentensi, kinachoshindwa kudhuru hutanguliwa na to: invulnerable to attack, yaani isiyodhurika kwa mashambulizi. Mwanao asiweke from, kosa ninaloliona mara nyingi.