Hariri ya bahari na bisusi ya kale: kwa mnaoanza kazi ya nguo za kale

Mkianza kazi hii, jina bisusi litawafikia mapema na litawasumbua, kwa sababu limebeba vitu viwili ambavyo havina undugu wowote. Kimoja ni kitani laini mno cha Misri na nchi jirani zake za kale. Kingine ni nyuzi za Pinna nobilis, chaza mkubwa wa Mediterania anayeweza kufika sentimita 120. Huzitoa kwenye tezi ya mguu wake ili ajishikize mchangani kati ya nyasi za bahari. Nyuzi hizo zikioshwa, zikachanwa na kusokotwa, ndiyo hariri ya bahari: kahawia kivulini, dhahabu juani.

Jambo la kwanza ninalowaambia wageni ni hili: angalieni tarehe ya maandishi. Jiwe la Rosetta, la mwaka 196 KK, linasema mfalme Ptolemaio wa Tano wa Misri aliyasamehe mahekalu theluthi mbili ya nguo za bisusi zilizotakiwa kulipwa hazina. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, anaeleza jinsi maiti za Misri zilivyofungwa kwa vitambaa vya bisusi. Yule tajiri wa Luka 16 naye, katika Kigiriki, amevaa bisusi. Biblia ya Kiswahili imeandika kitani, na imeandika sawa. Mara chache jina hilo lilitumika pia kwa pamba au hariri, kwa hiyo msiwe wagumu kupita kiasi. Ila chaza hayumo.

Aliingia baadaye, na kwa mlango wa wafasiri. Aristotle aliandika kwamba pinna huota wima kutoka kilindini. Bahati mbaya, neno la Kigiriki la kilindi na lile la kitani laini hutofautiana kwa mkazo na jinsia tu. Theodorus Gaza, msomi Mgiriki aliyefanya kazi Italia karne ya 15, alilihamishia hilo la kilindi kwenye Kilatini kama byssus, yaani bisusi, na tafsiri yake ikachapwa Venice mwaka 1476. Wasomi wa viumbe wakalishika kuwa ndilo jina la nyuzi zenyewe. Leo kitabu chochote cha biolojia kitakwambia hata kome wa mwambani ana bisusi. Basi jina lilitoka kwenye nguo likaenda kwa chaza, si kinyume chake.

Hii ina faida kubwa kazini. Watu wa kale waliijua hariri ya bahari, lakini waliiita sufu. Amri ya bei ya Diocletian, kaisari wa Roma, ya mwaka 301 inataja sufu ya bahari. Mwanahistoria Procopius, katika karne ya 6, anataja joho la magavana wa Armenia lililofumwa kwa sufu iliyovunwa baharini kutoka kwa pinna. Waarabu nao walisema suf al-bahr, maana ile ile. Kwa hiyo mkipekua maandishi ya kale, tafuteni sufu. Ukitafuta bisusi utajaza daftari zima kwa kitani.

Kwa kitambaa chenyewe, msiamini rangi. Kitani kilichozeeka huwa cha hudhurungi, na hariri ya kawaida hutiwa rangi yoyote mtu atakayo. Wekeni unyuzi mmoja chini ya hadubini. Wa kitani una vifundo kama mwanzi. Wa chaza ni laini mwanzo hadi mwisho, hauna magamba kama wa sufu ya kondoo, na ukikatwa sura yake ni ya yai, ilhali ule wa nondo wa hariri huelekea pembetatu. Ni kwa njia hii James Thomson, akitumia michoro ya hadubini ya Francis Bauer, alionyesha mwaka 1834 kwamba sanda za Misri zilizobishaniwa kama ni pamba au kitani, zilikuwa kitani.

Hesabu nayo inasaidia. Chaza mmoja hutoa gramu 1 au 2 za nyuzi ghafi, na nyingi hupotea katika kusafisha na kuchana. Makadirio yanayotumika sana ni chaza 1,000 kwa gramu 200 hadi 300 za nyuzi safi. Sasa fikiria kodi nzima ya mahekalu ya Misri! Ndiyo maana vitu vilivyobaki ni vidogo vidogo: glavu, kofia, skafu, vingi vya karne ya 18 na 19 kutoka Taranto na Sardinia, Italia. Kilicho kikongwe kuliko vyote miongoni mwa vilivyopo ni kofia ya kusuka ya karne ya 14, iliyochimbuliwa Saint-Denis karibu na Paris mwaka 1978.

Mtu akikuuzia uzi mpya wa hariri ya bahari, usinunue. Pinna nobilis analindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 1992, na tangu 2016 kimelea Haplosporidium pinnae kimeua makundi mazima, Hispania kwanza kisha kwingineko Mediterania. Sampuli ya kulinganishia ombeni kwenye makumbusho yenye vipande vya zamani.

Na kwenye kadi ya kitu, kama hadubini haijatumika, acheni nafasi ya aina ya unyuzi wazi. Jina lililoandikwa na mwenye kitu wa zamani liwekwe pembeni, ndani ya alama za kunukuu.