Kabla ya Wino, Soma Hadithi

Dada mmoja kaniandikia jana kuhusu Icarus, yule kijana wa hadithi za Wagiriki aliyeruka kwa mabawa aliyotengenezewa na baba yake: "Kaka, ule mchoro wa Icarus kwenye jalada ulitumia penseli gani?" HB, dada yangu, ile ya watoto wa shule. Ungeniuliza nilitupa michoro mingapi ndipo nikaupata huo, ningejibu kwa furaha zaidi.

Ni 41. Nilihesabu, maana kitabu changu cha kwanza cha hadithi za Wagiriki kilinitia adabu. Kwa ujuaji wangu sikupiga rafu hata moja, yaani mchoro wa haraka wa kujaribia, nikaingia na wino moja kwa moja. Wiki tatu, kurasa 12, nikapeleka kifua mbele. Mhariri akamtazama Icarus, akacheka mbele za watu: "Huyu umechora malaika." Kweli, mabawa yalikuwa yameota mgongoni! Tena uso niliuweka katikati kabisa, pale kurasa mbili zinaposhonwa, kwa hiyo kitabu kikifunguliwa pua imemezwa. Nililipwa nusu, kazi akapewa mwingine. Mpaka leo tukikutana ananiita "mzee wa malaika". Nacheka naye, lakini moyoni sicheki.

Ndipo nikaisoma hadithi yenyewe. Ovid, mshairi wa Kirumi, katika kitabu cha 8 cha Metamorphoses, anaeleza kama fundi: Daedalus, baba yake Icarus, alipanga manyoya kuanzia madogo, katikati akayafunga kwa uzi, chini akayashika kwa nta. Mtoto yuko pembeni anaminya nta kwa kidole gumba, anamchelewesha baba yake. Kidole hicho ndicho kilichonipa picha! Nilikichora peke yake mara tisa, kwenye vikaratasi vya ukubwa wa kiberiti.

Kwenye kikaratasi cha namna hiyo huna pa kujificha. Vivuli na nywele nzuri havikuokoi. Mwili ama umekaa, ama haujakaa. John Flaxman, msanii wa Kiingereza, alipochora Iliad na Odyssey, zile tenzi za kale za Wagiriki, akiwa Roma, michoro iliyochapwa mwaka 1793, alibakiza mistari mitupu, kama picha za kwenye vyungu vya Kigiriki. Jaribuni kuiga mmoja tu, mtaniambia.

Sasa nyinyi wadogo zangu mnaokimbilia tableti, mnaniletea kazi inang'aa, nikiuliza mabawa yameshikwa na nini, kimya! Pigeni rafu. Ikikataa, pigeni nyingine. Na someni hadithi. Nimeshasema? Nasema tena, someni hadithi.

Zile kurasa 12 bado ninazo, chini ya kitanda. Mke wangu ameomba moja aitundike sebuleni. Nimekataa.