Kumwandika balozi mstaafu: anzeni na tarehe

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza: marafiki wa mwanadiplomasia aliyestaafu wanapokutana baada ya kifo chake ili kuandika maisha yake, waandike nini na waanzie wapi? Waanze na tarehe. Sifa zije baadaye, kama nafasi itabaki. Wasifu mwingi unaosomwa kwenye ibada za mazishi hapa Nairobi hutaja miji aliyotumikia marehemu, lugha alizozimudu na ukarimu wa meza yake. Ukishausikiliza wote, bado hujui mtu huyu alikuwa akifanya kazi gani.

Kila kituo cha balozi kina tarehe tatu, na watu huzichanganya: siku ya kuteuliwa, siku ya kuwasili, na siku ya kukabidhi hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi mwenyeji. Kati ya ya kwanza na ya mwisho miezi inaweza kupita, kwa sababu Mkataba wa Vienna wa 1961 unataka nchi mwenyeji ilikubali jina lake kwanza, na ikilikataa hailazimiki kutoa sababu. Siku ya kuanza kazi rasmi, ambayo katika nchi nyingi ni ile ya kukabidhi hati, ina uzito wa pekee. Nani amtangulie nani kati ya mabalozi wa mji mmoja hupimwa kwa siku hiyo, wala hakuangaliwi umri au ukubwa wa nchi. Hivyo balozi wa nchi ndogo aliyekaa sana kituoni anaweza kuwa kiongozi wa mabalozi wote. Rafiki yenu akiwa alifika hapo, msikiache nje cheo hicho mkidhani ni pambo. Kiongozi huyo ndiye huwasemea wenzake kwa wizara ya nchi mwenyeji mambo yao ya pamoja yanapokwama, kuanzia misamaha ya kodi hadi ulinzi wa makazi.

Tarehe hizo mtazipata wapi? Uteuzi mwingi wa zamani ulitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka Ijumaa, na matoleo mengi ya nyuma sasa yako mtandaoni. Tafuteni kwa jina la ukoo peke yake, kisha mjaribu tahajia nyingine, maana wachapaji wa enzi hizo waliandika majina yetu walivyoyasikia, na herufi za mwanzo zilikuwa zikibadilishana nafasi. Mle mle mtaona na nishani. Hapo angalieni vizuri: EGH ni ya Moyo wa Dhahabu na EBS ni ya Mkuki Uwakao, nazo si kitu kimoja hata kidogo. Magazeti ya kila siku ya miaka hiyo yametunzwa katika maktaba ya McMillan, Banda Street. Faili za wizara zilizofikisha miaka 30 huombwa kwenye Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Aliyeteuliwa baada ya Katiba ya 2010 ameacha hazina zaidi, kwa sababu jina lake lililazimika kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Maswali aliyoulizwa na kamati na majibu yake yamo katika kumbukumbu za Bunge, kwa maneno yake mwenyewe. Waliomtangulia hawana kitu kama hicho.

Vyeo ndivyo hupotoshwa zaidi, na kwa kawaida ni familia inayompandisha mtu wao. Ngazi huanzia katibu wa tatu, wa pili, wa kwanza, kisha mshauri, waziri mshauri, ndipo balozi. Kaimu balozi ni jambo jingine: barua yake huenda kwa waziri wa mambo ya nje, haiendi kwa mkuu wa nchi, kwa hiyo sentensi isemayo alikabidhi hati zake kwa rais ni ya uongo hata kama alipeana mkono na rais huyo. Wala hakuna haja ya kumwongezea. Kaimu aliyeachiwa ubalozi wakati wa mgogoro anaweza kuwa alibeba mzigo kuliko balozi wa miaka ya amani.

Ndiyo maana pengo katika orodha ya vituo lichunguzwe kabla ya kufunikwa. Kenya ilivunja uhusiano na Norway Oktoba 1990. Mpaka wetu na Tanzania ulifungwa 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Somalia ilikata uhusiano na Kenya Desemba 2020. Aliyekuwa kwenye dawati la nchi hizo nyakati hizo alikuwa na kazi isiyo na picha: kuwarudisha wafanyakazi, kufunga majengo, kutafuta nchi ya tatu itakayolinda mali na masjala ya ubalozi kama Mkataba wa Vienna unavyoruhusu. Waulizeni marafiki wa kituo hicho nani alikabidhi funguo, kwa nani, na orodha ya vifaa ilitiwa saini na nani. Swali la namna hiyo humkumbusha mtu mambo ambayo "alikuwa mtu wa aina gani?" haliwezi kuyafikia kamwe.

Kosa dogo linalovunja imani ya msomaji ni majina ya zama nyingine. Hakuna aliyewakilisha Kenya kwenye Umoja wa Afrika mwaka 1985. Uliokuwapo ni Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Umoja wa Afrika ulizinduliwa 2002. Kabla ya Novemba 1993, Brussels palikuwa na Jumuiya ya Ulaya, wala si Umoja wa Ulaya. Balozi wetu Ujerumani Magharibi alikaa Bonn. Zaire ilikuwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997, na mji mkuu wa Nigeria ulikuwa Lagos hadi Desemba 1991. Mjukuu anayeandika kwa haraka usiku kabla ya mazishi atayasawazisha yote kwa majina ya leo, kwa nia njema kabisa.

Sasa tufike kwenye mapatano, maana hapo ndipo marafiki hujisahau zaidi. "Alileta amani" ni sentensi isiyopimika. Chukueni mfano wa marehemu Balozi Bethuel Kiplagat, aliyefariki Julai 2017 na ambaye maisha yake yako hadharani. Alitoka Baraza la Kitaifa la Makanisa, akawa balozi Paris na London, kisha katibu wa kudumu wa Mambo ya Nje katika miaka ya themanini. Anatajwa sana kwa amani ya Msumbiji, na kwa haki. Lakini andikeni hatua: mwaka 1989 viongozi wa makanisa wa Msumbiji walikutana na waasi wa Renamo hapa Nairobi, Kenya na Zimbabwe zikisimama kama wasuluhishi, mazungumzo ya ana kwa ana kati ya serikali na Renamo yakaanza Roma 1990, mkataba ukatiwa saini huko huko tarehe 4 Oktoba 1992. Msomaji ataona kwamba Nairobi ilifungua mlango na Roma ikamaliza. Heshima yake haipungui kwa hilo, na sasa inaaminika.

Somalia vivyo hivyo. Mkutano wa upatanisho ulifunguliwa Eldoret Oktoba 2002 chini ya mjumbe mwingine wa Kenya, Elijah Mwangale. Kiplagat alishika kiti mwanzoni mwa 2003, kikao kikahamia Mbagathi, Nairobi, na rais wa mpito akachaguliwa Oktoba 2004. Ukiandika kwamba aliendesha mkutano tangu mwanzo hadi mwisho, umemnyang'anya mwenzake miezi ya kwanza iliyokuwa na vurugu, na umemnyima Kiplagat sifa ya kurithi kikao kilichokuwa kinayumba.

Mapatano yaliyovunjika nayo yaandikwe. Mkataba wa Nairobi kati ya serikali ya Uganda na waasi wa Museveni, ambao Rais Moi aliusimamia, ulitiwa saini tarehe 17 Desemba 1985. Jeshi la Museveni liliingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, siku 40 baadaye. Mwanadiplomasia aliyefanya kazi kwenye mkataba huo hakosi cha kujivunia, ila anayemwandika aseme ulidumu muda gani na nani hakuutekeleza.

Mahali pagumu kuliko pote ni jambo ambalo marafiki wangependa lisitajwe. Kiplagat alipoteuliwa 2009 kuongoza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, walalamishi walitaja wadhifa wake serikalini wakati wa mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, yaliyofanywa na vikosi vya usalama. Alikana kuhusika. Alikaa kando mwishoni mwa 2010, akarudi 2012, na ripoti ikakabidhiwa kwa rais Mei 2013. Sentensi hizo tatu zinatosha kwa kijitabu cha mazishi. Wasifu usiozitaja haumlindi mtu, kwa sababu waliofiwa Wagalla nao wanasoma, na mwanahabari atazitaja kesho yake kwa lugha isiyo ya rafiki. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: elezeni lawama, jibu lake, na jambo lilivyoishia rasmi. Msimtetee na msimhukumu. Jeneza likiwa mbele ya watu, hoja ndefu ya utetezi huonekana kama hofu.

Karatasi zilizobaki nyumbani zigawanywe kabla mtu hajaanza kupiga picha kurasa na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp. Barua za binafsi ni za familia. Chochote chenye nambari ya faili au muhuri wa siri ni cha serikali, hata kama kimelala kabatini miaka thelathini, na kukaa nacho kunaweza kumtia mrithi matatani chini ya Sheria ya Siri Rasmi. Kirudishwe wizarani kwa barua, mbaki na nakala ya barua hiyo iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Kuhusu uchapishaji sina mengi. Kurasa za kijitabu kinachoshonwa katikati lazima zigawanyike kwa nne; ukipeleka kurasa 18 kwa mchapaji wa River Road utapata mbili tupu au utalipa za kuongeza. Picha zitumwe kama faili, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida WhatsApp huzibana na nyuso hutoka na ukungu. Msemaji mmoja apewe maneno 500, ambayo ni dakika nne au tano kwa msomaji asiyekimbia. Marafiki watatu watoke vituo vitatu tofauti, la sivyo wote watasimulia tafrija ile ile ya Jamhuri.

Mazishi yakipita, maandishi kamili, yaani yale marefu yasiyoingia kijitabuni, yawekewe tarehe na majina ya walioyaandika, na nakala ipelekwe Nyaraka za Kitaifa. Kila picha iandikwe nyuma kwa penseli: mji, mwaka, na waliosimama kutoka kushoto kwenda kulia.