Dawa ya saa tatu usiku

Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 41 na ninatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI tangu mwaka 2012. Miaka ya mwanzo sikukosa hata kidonge kimoja, lakini tangu mume wangu afariki ninaishi kwa wifi yangu, ambaye hajui hali yangu. Kazi yangu ni kununua dagaa katika visiwa vya Ukerewe na kuja kuwauza Mwanza, kwa hiyo giza likiingia, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa, hukaa kisiwani hata wiki mbili. Kopo la vidonge hulia kama njuga kila ninapoligusa. Nimelishindilia pamba, na safari nyingine nimeliacha nyumbani. Kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilisoma nakala 2,400, nami nikamwambia nesi kwamba sikosi dawa. Tarehe yangu ya kliniki imepita na ninaogopa kufokewa. Je, dawa imeacha kufanya kazi?
Msomaji, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Kuchoka baada ya miaka mingi ya kumeza dawa kila siku, tena dawa ya ugonjwa ambao huusikii mwilini, si uzembe, na sitakuhesabia vidonge ulivyokosa. Hata hivyo, kuna jambo moja katika barua yako ambalo limenitia wasiwasi kuliko hiyo namba 2,400, nalo ni jibu ulilompa nesi. Mtu ambaye kipimo chake kimezidi nakala 1,000 kwa kawaida hupewa ushauri nasaha wa karibu kwa miezi kama mitatu, kisha hupimwa tena. Virusi vikiwa bado juu ilhali yeye anasema hakosi, daktari hana budi kushuku usugu, yaani kwamba virusi vimeizoea dawa, na unaweza kuhamishiwa dawa nyingine, pengine zenye usumbufu zaidi, wakati ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Kidonge kinachotumiwa na watu wazima wengi nchini sasa, chenye dolutegravir ndani yake, hakishindwi na virusi kirahisi. Mara nyingi wingi wa virusi hushuka tena mtu anapokirudia bila kuruka, ingawa kadiri anavyokiruka ndivyo anavyovipa virusi nafasi ya kujifunza kukikwepa.

Ninashuku kwamba saa tatu usiku ndiyo saa yako, ingawa hukuitaja. Waliozianza dawa katika miaka hiyo walipangiwa muda wa kulala kwa sababu nyingi zilikuwa na efavirenz, iliyoleta kizunguzungu na ndoto za kutisha, na ilikuwa afadhali mtu awe kitandani. Dawa ilibadilishwa, saa ikabaki. Usiku ndio wakati ambao nyumba ya wifi yako imejaa watu sebuleni, na ndio wakati ambao kisiwani karabai zinawashwa na kila mtu yuko mwaloni. Dolutegravir humezwa saa yoyote, kwa chakula au bila chakula, na wengine huwanyima usingizi wakiimeza usiku. Mweleze mtoa huduma wako kwamba ungependa kuhamia asubuhi, kwa mfano unapokunywa chai baada ya kuanika dagaa, kwa kuwa chai hunywewa Ukerewe kama inavyonywewa Mwanza. Siku ukisahau, meza unapokumbuka. Ikiwa saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, endelea na hicho kimoja, usimeze viwili.

Kuhusu kopo, adui wa vidonge ni unyevu, na ziwani unyevu haukosekani. Viache katika kopo lao pamoja na kile kipakti cha kukausha, ulifunge vizuri na kulizungushia kitenge katikati ya mkoba, halitalia. Beba na vya akiba, kwa sababu mitumbwi hukwama upepo ukichafuka. Hata vikiisha ukiwa huko, kadi yako ya kliniki itakusaidia kuhudumiwa katika kituo kingine chenye huduma hiyo.

Nenda wiki hii, usingoje giza lipite, useme ulikosa siku ngapi na kwa nini. Nakiri kwamba wapo wenzetu wanaofoka, nami sioni kufoka kumewahi kushusha virusi vya mtu. Ukikutana na wa namna hiyo, omba kuonana na mnasihi au kiongozi wa kliniki. Mpaka kipimo kirudi chini, ukiwa na mwenzi mtumie kondomu.

Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na anatumia dawa za VVU. Tulisikia kwamba hazichanganywi na vidonge vya kuongeza damu, kwa hiyo amesimamisha za VVU mpaka amalize vya damu. Je, ni sawa?
Baba mtarajiwa, Morogoro

Si sawa hata kidogo, ndugu yangu, kwa kuwa dawa hizo ndizo zinazomkinga mtoto. Mlichosikia kina chembe ya ukweli: madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vya damu huizuia dolutegravir kufyonzwa tumboni, lakini vikimezwa pamoja na mlo, vyote hufanya kazi. Akiwa hajala, ameze cha VVU saa mbili kabla ya cha damu au saa sita baada yake. Aanze leo na chakula cha jioni, na kesho mwende kliniki pamoja, mkaeleze ni siku ngapi amekosa.